SLIDER ya CIRA: dirisha la bure la kutambua kimbunga kabla hakijapewa jina

Wengi wanaoanza kusoma picha za setilaiti hukimbilia rangi. Wakiona doa jekundu katikati ya bahari husema kimbunga hicho kinakuja. Kesho yake doa limeyeyuka, na kesho kutwa limechipuka jingine mahali pengine kabisa. Picha haikuwadanganya. Walichokuwa wakiangalia ni joto la kilele cha wingu, na wingu refu peke yake halifanyi kimbunga. Kimbunga kinataka upepo uliofunga mzunguko karibu na uso wa bahari, mawingu ya mvua yanayokaa juu ya mzunguko huo bila kuuacha, na muda. Ndiyo maana chombo cha kujifunzia kazi hii tunakipima kwa mambo mawili: kama kinaonyesha mawingu ya chini yanavyotembea, na kama kinamruhusu mtu kurudisha saa nyuma kadiri anavyotaka.

Kwa vipimo hivyo, SLIDER inashika nafasi ya kwanza miongoni mwa tovuti za bure. Inatengenezwa na CIRA, taasisi ya utafiti wa angahewa iliyo katika Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, na ipo hewani tangu 2017. Haina malipo wala haidai akaunti, na inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida kwa anwani slider.cira.colostate.edu. Kasoro yake kubwa isemwe mapema: haifundishi chochote. Inakupa picha zilezile wanazotazama watabiri, halafu inakaa kimya. Asiyejua atafute nini anaweza kuishangaa wiki nzima asiambulie kitu zaidi ya uzuri wa dunia.

Kazi inaanza kwenye menyu ya setilaiti. GOES-19 inaangalia Atlantiki na bara la Amerika, GOES-18 inaangalia Pasifiki ya mashariki na ya kati, Himawari-9 inashika Pasifiki ya magharibi hadi Australia. Bahari ya Hindi ni ya Meteosat-9, iliyosimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 45.5 mashariki. Macho yao hayalingani. GOES na Himawari hupiga duara zima la dunia kila dakika 10 kwa bendi 16 (kila bendi ni sehemu moja ya mwanga au joto inayopigwa peke yake), na kwenye mwanga wa kawaida huona hadi nusu kilomita. Kwenye infraredi, yaani picha za joto, ni kilomita 2. Meteosat-9 ni ya kizazi kilichotangulia: duara zima kila dakika 15, bendi 12, na nyingi kati ya hizo huona kilomita 3 tena pale tu setilaiti inapotazama chini wima. Kwa anayefuatilia Bahari ya Hindi tofauti hii si ndogo. Vijiwingu vya chini ambavyo Himawari ingevionyesha kimoja kimoja, Meteosat inavikoroga kuwa ukungu mmoja wa kijivu, na kitovu kichanga hujificha humo humo. Upande wa mashariki wa nyuzi 90 hivi, achana na Meteosat uhamie Himawari.

Kuna mapengo ambayo tovuti haiyaelezi. Himawari hairekodi duara zima saa 02:40 na saa 14:40 UTC (saa rasmi ya dunia), kwa kuwa muda huo umetengwa kwa matunzo ya setilaiti yenyewe. Picha ikiruka hapo, usilaumu intaneti yako. Kuzunguka miezi ya Machi na Septemba, karibu na usiku wa manane wa mahali setilaiti iliposimama, jua huchungulia kutoka nyuma ya dunia. Bendi ya maikromita 3.9 hupata mng'ao wa uongo, na mara nyingine picha hazitoki kabisa. Saa zote ni za UTC, kwa hiyo anayesoma lazima ajue mapambazuko ya eneo analolitazama yanaangukia saa ngapi UTC. Utaona hapo chini kwamba nusu ya maarifa yote imelala kwenye mapambazuko hayo.

Picha inayofunguka ya kwanza ni GeoColor, na ni nzuri hadi inaleta uvivu. Mchana ni rangi karibu na zile ambazo jicho lingeziona kutoka angani: vumbi la jangwa ni kahawia ya maziwa, bahari ni buluu iliyokolea, mawingu ni meupe. Usiku ni mchanganyiko wa bendi za infraredi, ambapo mawingu ya chini ya matone ya maji hupakwa samawati na yale ya juu ya barafu hubaki kijivu na nyeupe. Taa za miji zinazoonekana usiku si za usiku huo. Ni picha ya akiba iliyowekwa chini ya mawingu, na haibadiliki. Mji ukikatika umeme kwa sababu ya dhoruba, kwenye GeoColor utaendelea kuwaka kama kawaida; usitoe hitimisho lolote hapo.

Sasa jinsi ya kuitumia kwa kazi yenyewe. Weka duara zima, GeoColor, picha 24, hatua ya dakika 30. Hizo ni karibu saa 12, na saa 12 si namba ya kubahatisha, sababu itakuja. Washa mistari ya latitudo na longitudo. Tafuta makundi ya mawingu yaliyo kati ya nyuzi 5 na 20 za latitudo, kaskazini au kusini, hasa pale ukanda wa mvua unapovimba au kuvunjika vipande. Karibu zaidi na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kuupinda upepo uwe duara. Typhoon Vamei ilijitokeza Desemba 2001 kwenye nyuzi 1.4 kaskazini, jirani na Singapore, na inatajwa mpaka leo kwa sababu ni kioja. Bahari nayo iwe na joto la kama nyuzi 26.5 za selsiasi au zaidi. SLIDER haitakuambia hilo, kwa hiyo fungua ramani ya joto la bahari pembeni.

Ukishapata kundi la kutilia shaka, likuze mpaka upana wa skrini uwe kama kilomita 1,000 hadi 1,500. Ukikuza zaidi unapoteza mazingira, na ukikuza kidogo mno huoni vijiwingu. Punguza kasi ya mwendo. Halafu fanya jambo linaloonekana la kitoto lakini hakuna linalolishinda: ziba kwa kiganja lile wingu kubwa jeupe la katikati, uangalie kingo tu.

Kwenye kingo hizo kuna mawingu ya aina mbili na lazima uyatenge. Ya juu ni membamba, yana nyuzinyuzi kama pamba iliyovutwa, unaona bahari kupitia kwake, nayo hukimbia haraka, mara nyingi kwenda mbali na kundi. Ya chini ni punje punje, meupe yenye kingo kali, yamejipanga kama shanga kwenye uzi, nayo hutembea polepole. Kwenye infraredi ya maikromita 10.3 hayo ya chini ni kijivu hafifu kwa kuwa vilele vyake bado vina joto. Kitovu unakitafuta kwa shanga hizi. Fuata uzi mmoja kwa saa tatu au nne. Je, unapinda kuelekea ndani? Fuata na ule wa upande wa pili. Mahali nyuzi zote zinapoonekana kupazunguka, hapo ndipo kitovu kilipo, hata kama wingu kubwa liko kilomita 150 pembeni.

Upande wa kukagua kwanza ni ule unaotazama ikweta. Kaskazini mwa ikweta vimbunga huzunguka kinyume na mishale ya saa, kusini huzunguka kama mishale ya saa, lakini kwa nusu zote mbili upande wa ikweta unapaswa kuwa na upepo unaotoka magharibi. Kwenye maeneo ya pepo za kawaida za kutoka mashariki, shanga zinazotambaa kuelekea mashariki ni ushahidi mzito kwamba mzunguko umefunga. Zikisimama tu bila kwenda popote, bado ni wimbi la upepo lililopinda, halijafunga. Kwenye maeneo ya monsuni ushahidi huo hauna uzito, maana pepo za magharibi zipo hapo hata bila dhoruba. Huko angalia upande wa ncha ya dunia, na uangalie kama mzunguko umebana au ni bwawa pana la kilomita 800 lisilo na katikati.

Hapa SLIDER ina faida ambayo wengi hawaioni. Fremu yake imefungwa kwenye ramani, haitembei na dhoruba. Tovuti nyingi huandaa video inayoifuata dhoruba ili ibaki katikati ya skrini. Ukitazama video hiyo ya wimbi linalokimbilia magharibi kwa noti 20 (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), mawingu ya upande wa ikweta yaliyosimama yataonekana yanarudi mashariki, na utaapa kwamba mzunguko umefunga. Haujafunga, skrini ndiyo inayokimbia. Kwa anayejifunza, fremu iliyosimama ni mwalimu mwaminifu zaidi.

Baada ya hapo ndipo uende infraredi: bendi ya 13 kwa GOES na Himawari, bendi ya maikromita 10.8 kwa Meteosat. Soma kipimo cha rangi kabla ya kusoma picha. Kila jedwali la rangi huanza kung'aa kwenye nyuzi tofauti, na rangi inayoashiria nyuzi -50 kwenye jedwali moja inaweza kuashiria -70 kwenye jingine. Linganisha namba, acha rangi. Mawingu ya mvua kali ya kitropiki hufikia nyuzi -70 na hata -80 bila kuwa sehemu ya kimbunga chochote, kwa sababu kilele chake kimegota kwenye dari la tropiki, mpaka wa juu wa tabaka la hewa lenye mawingu, na dari hilo ni la baridi kali.

Mtego wa kwanza wa infraredi ni saa za siku. Juu ya bahari, mvua za radi hushika kasi usiku wa manane kuelekea alfajiri, halafu hulegea mchana. Anayefungua tovuti alfajiri ya eneo hilo ataona kundi limefura na kudhani limekomaa. Akifungua alasiri ataona limekufa. Yote mawili si kweli. Linganisha saa ileile ya leo na ya jana: ongeza hatua iwe dakika 60, picha zipite 24, kisha tazama ya kwanza na ya mwisho. Kama alfajiri ya leo ni baridi zaidi, imekusanyika zaidi na iko juu ya kitovu kilekile cha jana, una habari. Kama imehama kilomita 300, hilo ni kundi jipya lililozaliwa, la jana limeshazikwa.

Mtego wa pili ni ule wa giza. Usiku mawingu ya chini hufunikwa na nyuzi za barafu, kitovu kinakisiwa chini ya sehemu ya baridi zaidi, na jua likichomoza kinaonekana uchi, mamia ya kilomita kutoka kilipokisiwa. Hata watabiri wa miaka mingi huumbuliwa na mapambazuko. SLIDER inapunguza tatizo kwa bidhaa iitwayo ProxyVis, inayotumia bendi za infraredi kuigiza jinsi mwanga ungeonyesha mawingu ya chini usiku. Inasaidia kweli pale ambapo juu ni peupe. Palipo na barafu nene inakuwa kipofu kama nyingine zote. Mchana, saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza na mbili za mwisho kabla halijazama ni dhahabu: jua la chini hutupa vivuli, vilele vilivyopanda juu ya vingine vinaonekana kama vidonda, na uzi wa mawingu ya chini unapata umbo.

Mtego wa tatu ni wa mzunguko wa uongo. Makundi ya radi yanayotoka nchi kavu usiku huacha mzunguko ulioning'inia katikati ya angahewa, kilomita 3 hadi 6 juu. Unaonekana mzuri, wenye mikono, hata una kitu kama jicho. Ziba kwa kiganja, angalia shanga: zinapita chini yake zimenyooka kana kwamba hakuna kitu. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja, isipokuwa radi mpya zichipuke juu yake na kuuvuta ushuke hadi baharini. Ndugu yake ni mzunguko wa tabaka la juu, ambao bendi za mvuke wa maji humfichua kwa doa jeusi la hewa kavu lililojisokota, mawingu ya barafu yakizunguka pembeni. Bendi hizo ni maikromita 6.2 kwa tabaka la juu, 6.9 kwa la kati, 7.3 kwa la chini zaidi. Meteosat-9 ina ya kwanza na ya mwisho tu.

Bendi hizo hizo ndizo za kupimia afya ya mazingira. Kundi lenye nyuzi za barafu zinazotawanyika pande zote kama mwavuli linapumua vizuri. Kundi lenye ukingo mmoja uliokatwa kama kwa wembe, na upande wa pili nyuzi ndefu zilizopeperushwa, linapigwa na upepo wa juu usiopatana na wa chini; mvua itasukumwa mbali na kitovu na mzunguko utabaki uchi. Na ukiona upinde mwembamba wa vijiwingu ukichomoka kundini na kukimbia nje kama kiwimbi cha jiwe lililotupwa bwawani, ujue hewa kavu imeingia ndani, mvua imeyeyukia njiani, na hewa nzito ya baridi imeporomoka hadi baharini. Kundi lililotema pinde mbili tatu mchana mmoja lina kazi kubwa ya kujijenga upya.

Mtego wa nne unawaponza hata waliozoea. Mfumo mchanga ulioanza kupata mikono huvimba ghafla kuwa duara kubwa la baridi, laini, lisilo na mistari. Shangwe inapanda kila mahali. Vernon Dvorak, mtaalamu wa Marekani aliyebuni njia ya kukadiria nguvu za vimbunga kwa picha tu, alielekeza kinyume: blanketi la aina hiyo kwa kawaida ni dalili kwamba ukuaji umesimama, na kwa mfumo mchanga, likidumu zaidi ya saa 12, hesabu isipandishwe tena hadi mikono irudi kuonekana.

Njia yake hiyo, aliyoianza miaka ya 1970 na kuiboresha mwaka 1984, ndiyo sababu ya zile saa 12. Kwake mfumo haupewi namba ya kwanza, T1.0, mpaka masharti yatimie kwa pamoja. Uwe umedumu angalau saa 12. Uwe na kitovu kinachoweza kuwekwa ndani ya duara la nyuzi 2.5 za latitudo, yaani kama kilomita 280, na kitovu hicho kiwe kimeonekana kwa saa 6. Uwe na wingu zito, kilele chake nyuzi -31 au baridi zaidi, lenye upana unaozidi nyuzi 1.5, kama kilomita 165, likiwa chini ya nyuzi 2 kutoka kwenye kitovu. Angalia jinsi kiwango cha baridi kilivyo cha chini! Nyuzi -31 tu. Uzito wote uko kwenye muda na kwenye ukaribu wa wingu na kitovu. Baada ya hapo unapima mkono wa mawingu unavyokizunguka kitovu: ukifika karibu nusu duara uko kwenye T2.5, ambayo ni noti 35 na mwanzo wa dhoruba ya kitropiki. Ukifunga duara zima uko karibu T4.0, noti 65. Haya yote yanafanyika kwenye SLIDER kwa karatasi na penseli. Ubaya ni kwamba haina rula ya kupimia njia hii wala ond (mchoro wa mkunjo kama wa konokono) ya kuweka juu ya picha. Unatumia mistari ya latitudo, ukikumbuka kwamba nyuzi 1 ni kilomita 111.

Ukipima, ukumbuke pia mshazari. Wingu lenye kilele cha kilomita 15 linalotazamwa kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka wima linaonekana limesogea kilomita 26 kuelekea ukingo wa duara. Mawingu ya chini hayasogei kiasi hicho. Kwa hiyo karibu na ukingo wa setilaiti unaweza kuona kitovu na wingu vimeachana wakati havijaachana, au kinyume chake.

SLIDER haitoshi peke yake, na haya ndiyo ya kuweka kwenye vichupo vya jirani. Ukurasa wa vimbunga wa CIMSS, taasisi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, una ramani za tofauti kati ya upepo wa juu na wa chini, za mzunguko kwenye tabaka la hektopaskali 850 (kama kilomita 1.5 juu ya bahari), na za mtawanyiko wa hewa juu. Kwa sura ni ukurasa wa zamani, umejaa vitufe, na hauna huruma na simu. Kwa kazi ni mkaguzi mkali: umeshasema kwamba kitovu kipo pale, kaulize ramani ya 850 kama inakubali. Tofauti ya upepo ikizidi noti 20, punguza matumaini. Chini ya 10, fuatilia kwa makini. Wapo hao hao na MIMIC, video ya mvuke wa maji uliomo kwenye nguzo nzima ya hewa, ambamo mawimbi huonekana siku kadhaa kabla ya kuwa na umbo kwenye picha za kawaida.

Picha za maikrowevu ni msaada ambao hakuna setilaiti iliyosimama angani inayoutoa. Zinapenya nyuzi za barafu na kuonyesha mvua yenyewe imejipanga vipi chini ya shuka. Kwenye masafa ya gigahezi 85 hadi 91 unaona mvua nzito yenye barafu. Kwenye 37 unaona ya chini. Pete ya mvua ikianza kufunga kwenye 37 wakati infraredi bado inaonyesha bonge lisilo na sura, mfumo unaweza kukua haraka. Tatizo ni kwamba zinabebwa na setilaiti za mizunguko ya chini, chache, zinazopita na kwenda zake. Saa kadhaa zinaweza kupita bila hata moja kugusa eneo lako. Hali ni hiyo kwa ASCAT, rada ya upepo wa baharini iliyo kwenye setilaiti za MetOp-B na MetOp-C. Inafagia mikanda miwili yenye pengo katikati, na kwa kawaida ya mambo kitovu huangukia pengoni. Ikikubahatikia, mishale yake inamaliza ubishi wote wa kufunga au kutofunga.

Worldview ya NASA inajaza upungufu mwingine wa SLIDER: kumbukumbu ya miaka mingi. Picha zake za MODIS, kamera iliyo kwenye setilaiti za Terra na Aqua, zinarudi hadi mwaka 2000, kwa ukali wa hadi mita 250, na za siku hiyo huingia ndani ya saa chache. Ukali huo unatamanisha kuliko wa SLIDER, ila ni picha moja kwa mchana kwa kila setilaiti, na karibu na ikweta mikanda ya MODIS haigusani, kwa hiyo kuna siku dhoruba inaangukia kwenye ufa mweusi. Tumia VIIRS, kamera mpya zaidi ya aina hiyo, siku hizo. Mkanda wake ni mpana na haubakishi ufa. Kwa mwendo wa mawingu Worldview ni dhaifu. Kwa umbo ni hodari.

Upande wa mashine: SLIDER inakula data. Kila ukikuza, vigae vya picha zote 24 vinapakuliwa upya, na ukiweka picha 60 kwa ukuzaji wa juu hata kompyuta nzuri itahema. Kuza kwanza ukiwa na picha 6, hakikisha eneo ni lenyewe, ndipo uongeze idadi. Kwenye simu inafanya kazi, lakini menyu zinaziba nusu ya bahari na kidole hakilengi vizuri. Ukifika mahali unapopahitaji, nakili kiungo kinachotengenezwa na kitufe cha kushiriki, maana kinabeba setilaiti, bidhaa, ukuzaji na mahali. Kesho unakifungua na kuendelea bila kutafuta upya. Kinachokera ni kwamba ukibadili setilaiti unarudishwa kwenye duara zima, na kazi ya kutafuta eneo inaanza tena.

Tukiipa alama kwa kujifunzia, ni 9 kati ya 10 kwa anayeangalia Atlantiki au Pasifiki, na 7 kwa Bahari ya Hindi ya magharibi, ambako lawama ni ya setilaiti kuliko ya tovuti.

Zoezi linalokomaza jicho haraka kuliko kusubiri msimu linafanyika kwenye Worldview, kwenye dhoruba iliyokwisha. Fungua Mlango wa Msumbiji, Machi 2019, anzia tarehe 3. Mfumo uliokuja kuitwa Idai uliingia nchi kavu ukiwa mchanga, ukazunguka huko, ukarudi baharini tarehe 9 na kupewa jina, kisha ukapiga karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Sogeza siku moja moja, ukitumia picha ya rangi ya mchana na tabaka la joto la bendi ya 31 ya MODIS. Andika kila siku kitovu kilipo na namba ya T unayoipa, bila kuchungulia mbele. Ukimaliza, linganisha na njia rasmi ya dhoruba iliyomo kwenye IBTrACS, hifadhi ya njia za vimbunga ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa. Ukipishana kwa nusu T usihangaike kutafuta kosa. Watabiri wawili wazoefu, mbele ya picha moja, hupishana hivyo hivyo.